Odo imekufa, stika utapata? Cheki haya kabla hujapeleka gari kukaguliwa

Jibu kwanza, stori baadaye, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa foleni ya Tazara na kesho asubuhi gari inaenda kukaguliwa. Odo ikiwa imekufa peke yake, yaani zile namba za kilometa zimegota lakini mshale wa spidi unapanda na kushuka kama kawaida, mimi sijawahi kuona gari ya mtu binafsi inanyimwa stika ya ukaguzi kwa hilo. Gari zangu tatu zimepita mikononi mwa maafande miaka tofauti na hakuna hata mmoja aliyeinama kusoma kilometa. Ila kama kilometa zimegota na mshale wa spidi nao umelala, au taa za dashbodi zimezima zima, hiyo sio shida ya odo tena, na hapo ndipo watu wanapojichanganya, mtu anasema "ah ni odo tu" kumbe anaendesha gari kipofu.

Tuwekane sawa. Odo ni kile kibox cha namba kinachohesabu kilometa zote tangu gari izaliwe. Ile unayoweza kuirudisha sifuri kwa kitufe ni tripu. Mshale ni spidomita. Vitu vitatu, lakini kwenye gari nyingi vinakula sahani moja, taarifa inatoka sehemu moja ndio inagawanywa. Kwa hiyo swali la kujiuliza usiku wa kuamkia ukaguzi sio odo inafanya kazi au haifanyi, swali ni nini kingine kimekufa pamoja nayo.

Mkaguzi anachotafuta ni kitu kinachoweza kuua mtu. Breki za mguu na hendibreki, taa za mbele ful na dimu, indiketa, taa za breki, za rivasi, honi, waipa, vioo vya pembeni, kioo cha mbele kama kina ufa, mikanda, tairi kama zimelika, usukani kama una uchezaji, shokapu, gari kumwaga oili chini, halafu mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu za kuweka barabarani ukiharibikiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inampa polisi nguvu ya kuikagua gari na kuizuia isitembee kama ni mbovu, sasa kilometa zilizogota hazimgongi mtu, tairi kipara linamgonga. Hata wenzetu ndio hivyo hivyo, Uingereza kwenye ule ukaguzi wao wa kila mwaka wanaouita MOT mkaguzi anaandika namba ya odo kwenye rekodi, lakini odo mbovu haikufelishi, akishindwa kuisoma anaandika haisomeki na maisha yanaendelea.

Sasa nikupe ya kwangu. Nilikuwa na Carina Ti, gari ya kazi kweli, na mvua za masika fulani nilivuka maji Jangwani kwa ubishi wangu nikifuata nyuma ya daladala, si unajua daladala ikipita na wewe unajiona umepita. Nikapita kweli. Wiki mbili baadaye mshale wa spidi ukaanza kurukaruka, mara unafanya kazi mara unalala, mwisho ukalala jumla na kilometa zikagota 187,412. Nikasema poa tu, nitatengeneza mwisho wa mwezi, si unajua mwisho wa mwezi wetu haufiki.

Siku ya ukaguzi afande akanipitisha vizuri tu. Washa taa. Ful. Indiketa kushoto, kulia. Kanyaga breki. Weka rivasi. Akapiga teke tairi moja hata sijui kwa nini, akaingia kiti cha abiria akasema twende mpaka kwenye ule mwarobaini nikikwambia kanyaga unakanyaga. Nikaondoka, nikakanyaga, gari ikasimama imenyooka, nikajua nimeshamaliza. Yeye anaangalia dashbodi.

"Huu mshale mbona umelala sifuri?"

"Una shida kidogo afande."

"Sasa tochi za Kibamba huko unazipitaje?"

"Nakisia afande."

Akacheka mpaka akashika tumbo, halafu akanirudishia karatasi zangu. "Katengeneze, uje kesho kutwa." Kilometa hakuziulizia kabisa, na odo ilikuwa pale pale chini ya pua yake. Mshale ndio ulionirudisha nyumbani, na kusema ukweli alikuwa sahihi, kwenye makazi ya watu mwisho ni 50 na gari zenye uzito unaozidi kilo 3,500 mwisho wao ni 80, utajuaje uko ngapi kama dashbodi inakwambia umesimama? Ukipigwa tochi, ile mashine ya trafiki ya kupima mwendo, faini ni shilingi 30,000 na hakuna kujitetea eti mshale wangu umekufa, hapo unakuwa umejishtaki makosa mawili kwa mdomo wako mwenyewe.

Kwa wenye daladala, teksi na mabasi, msisome hii mkajifariji. Leseni ya LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataka gari iliyokaguliwa, na mkaguzi anaiangalia gari inayobeba watu kwa jicho kali zaidi, halafu mabasi ya mikoani yana kile kifaa cha kufuatilia mwendo kwa satelaiti kwa hiyo huko spidi yako wanaiona hata kama wewe mwenyewe huioni. Tengeneza tu.

Haya, ujuaje chako ni kipi. Anza bila fundi. Washa gari, angalia mshale wa mafuta na wa joto. Kama yote imelala pamoja na spidi, usikimbilie kununua dashbodi, fungua kibox cha fyuzi, kwenye Toyota nyingi kuna fyuzi imeandikwa GAUGE au METER, ichomoe uitazame, kama uzi wa ndani umekatika weka nyingine ya ampea ile ile, sio kubwa zaidi na sio waya wa shaba kama wanavyofanya wajanja wa gereji za chini ya mwembe. Ikikatika tena kuna waya unagusa bodi mahali, hapo muite fundi umeme.

Kama mafuta na joto vinasoma ila spidi na kilometa vyote vimekufa, basi taarifa ya mwendo haifiki. Gari za zamani sana zina waya wa spidi, kebo inayotoka kwenye giaboksi inazunguka mpaka nyuma ya dashbodi, ukikatika vyote vinakufa kwa pamoja, na kabla ya kufa huwa unasikia tiktiktik au mshale unatetemeka kama mtu mwenye homa. Gari za baadae kidogo zina sensa ya spidi imekaa juu ya giaboksi, na zile zenye ABS, yaani breki zinazozuia tairi kujifunga, nyingi zinachukua mwendo kwenye sensa za magurudumu. Ndio maana taa ya ABS ikiwaka siku moja na mshale kulala, usitafute shida mbili, tafuta moja.

Na sensa ikifa haifi kimya. Taa ya cheki injini inawaka, ukipima kwa mashine mara nyingi inatoka namba ya kosa P0500, gari ya oto inaanza kubadilisha gia kwa kushtuka au inachelewa kupanda, kuna nyingine taa ya O/D (ile ya gia ya ovadraivu) inapepesa. Mtu anaambiwa giaboksi imekufa anaenda kununua giaboksi ya mtumba, hela yote hiyo, kumbe ni sensa ndogo inayoingia kwenye kiganja. Naomba hii uikumbuke kuliko yote niliyoandika hapa, gia zikianza vituko na mshale wa spidi nao una vituko, mwambie fundi aanze na sensa.

Kama mshale unafanya kazi vizuri ila kilometa tu zimegota, shida iko ndani ya dashbodi yenyewe. Kwenye odo za tarakimu za kuzunguka kuna vijigia vya plastiki vinavunjika meno. Kwenye odo za skrini ni skrini kufifia au lehemu za kwenye saketi kuachia. Kuna na hii ya kuchekesha, baadhi ya Corolla za kati ya 2003 na 2008 odo inafika 299,999 inagoma kuendelea, sio mbovu, imetengenezwa hivyo, gari inatembea miaka na kilometa ziko pale pale. Ukiona Corolla inauzwa ina 299,999 kamili usiseme bahati ya namba, jua hapo imepita zamani.

Carina yangu ilikuwa ya sensa. Fundi umeme mmoja Shauri Moyo alinipandisha gari mbele kwa jeki na vigogo, akaingia chini na tochi ya simu mdomoni, akachomoa soketi ya sensa akanitolea nione. Ile soketi ina pini tatu, umeme, hasi na ya kupeleka taarifa, na zote zilikuwa kijani kama sarafu iliyookotwa baharini, moja imeliwa mpaka imebaki kinyuzi. Maji ya Jangwani hayo. Akasugua na mswaki wa zamani, akapima na mita, umeme unafika kwenye pini ya kwanza volti 12, akasema sensa nzima, soketi ndio maiti. Akaenda akarudi na soketi ya mtumba iliyokatwa na nyaya zake, akaunga kwa kuchomelea sio kwa kusokota na selotepu, akavika mpira, akapaka grisi kidogo. Akaniambia zunguka mtaa. Mshale ukapanda, nilifurahi kama mtoto wa Idi, na kilometa zikatoka 187,412 zikaingia 187,413 nikiwa naangalia, karibu nimgonge mtu wa mkokoteni.

Ukimaliza kutengeneza hakikisha inasema kweli. Washa simu, fungua programu yoyote ya ramani inayoonyesha spidi, mwenzako akae pembeni asome, usisome wewe. Mshale kuonyesha juu kidogo kuliko simu ni sawa, kanuni za kimataifa za watengenezaji zinaruhusu mshale uzidishe mpaka asilimia 10 na kilometa 4 juu yake, ila haziruhusu hata siku moja mshale uonyeshe chini ya mwendo halisi. Ukiona simu inasema 84 na mshale unasema 80, angalia tairi. Umefunga tairi kubwa kuliko saizi ya gari, labda kwa ajili ya mashimo ya mtaani kwenu, tairi ikizidi kipenyo kwa asilimia 5 basi unakwenda 84 unadhani ni 80, na kilometa nazo zinahesabiwa pungufu. Ya kilometa unaweza kuipima barabara ya Morogoro kwa vile vibao vya kilometa vya pembeni, weka tripu sifuri kwenye kibao kimoja, tembea kumi, linganisha.

Sasa pale fundi atakapokwambia dashbodi yako haitengenezeki tununue ya mtumba, kubali ila fungua macho. Dashbodi ya mtumba inakuja na kilometa za gari nyingine. Gari yako ina 187,000 ghafla inasoma 96,000, na fundi atakutolea ofa tamu, "boss nikuwekee ngapi?" Kuna mashine zinafanya hiyo kazi dakika chache tu. Kama ni kuirudisha kwenye namba halisi ya gari yako, sawa, fanya, na piga picha ya odo ya zamani kabla hawajaichomoa, andika tarehe, tunza risiti. Kama ni kushusha ili uuze bei nzuri, kaka, huko ni kujipatia hela kwa udanganyifu na sio ujanja wa mjini, na mnunuzi mwenye akili atakubaini tu.

Atakubaini vipi? Mimi nikienda yadi au kwa dalali sianzi na odo, namalizia nayo. Natazama mpira wa pedali ya breki, usukani pale mikono inaposhika, kiti cha dereva upande wa mlango kama sponji imelala. Gari yenye kilometa 60,000 haina pedali iliyolika mpaka chuma kinachungulia. Halafu nafungua mlango wa dereva na boneti natafuta stika za Kijapani za sevisi, wajapani wakimwaga oili au wakibadilisha mkanda wa taiming wanabandika karatasi yenye tarehe na kilometa, na wauzaji wengi wanasahau kuzibandua kwa sababu hawazisomi. Miaka yao inahesabiwa kwa mfalme, ukiona mwaka 20 wa Heisei jumlisha 1988 unapata 2008, ukiona wa Reiwa jumlisha 2018. Kwa hiyo stika inasema 118,000 mwaka 2015 na odo leo inasema 74,000, funga boneti, mshukuru muuzaji, rudi nyumbani.

Kuna na makaratasi. Japani tangu 2004 wanaandika kilometa kwenye cheti cha ukaguzi wao, na kile cheti cha kufutia usajili kabla gari haijapanda meli huwa kina namba hiyo kwenye sehemu ya maelezo. Mwombe muuzaji hicho cheti sio picha ya screen ya tangazo. Kama gari imetoka Uingereza, hizi Discovery na Range na BMW zilizojaa Masaki, ni rahisi zaidi, ukipata namba yake ya usajili ya kule unaingia tovuti ya serikali yao bure unaona rekodi za MOT na maili (sio kilometa) za kila ukaguzi, zipo kuanzia 2005. Na hizo gari za Ulaya kilometa hazikai dashbodi tu, zinahifadhiwa na kwenye vikompyuta vingine vya gari, nyingine mpaka kwenye funguo, BMW za zamani kidogo ukibadilisha dashbodi bila kuziwianisha kinawaka kidoti kidogo chekundu pembeni ya kilometa. Kidoti hicho hakimaanishi mwizi moja kwa moja ila uliza.

Na wewe ambaye odo imekufa na hela ya kutengeneza haipo mwezi huu, shida yako kubwa kuliko stika ni sevisi. Hujui oili umemwaga lini. Fanya hesabu ya njia yako. Mtu wa Mbezi Mwisho kwenda Posta na kurudi ni kama kilometa 45, siku sita ni 270, oili ya kilometa 5,000 inakupa wiki kama 18, hapo hujaenda msibani Bagamoyo wala harusi Kigamboni, kwa hiyo sema miezi minne usivuke. Au hesabu mafuta, gari inakula lita moja kwa kilometa 12 basi lita 417 ni kilometa 5,000, tunza risiti za sheli kwenye bahasha. Injini za 5A na 7A za akina Carina zina mkanda wa taiming wa kubadilisha kila kilometa 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini hesabu kwamba haujabadilishwa. IST yenye 1NZ ina cheni, huko pumua.

Mimi nilikuwa na daftari dogo ndani ya droo ya dashbodi, naandika tarehe, kilometa na nilichofanya, na zile wiki ambazo odo ilikuwa imegota nikaandika "odo haikuhesabu, kama km 1,900" kwa kukadiria kwa mafuta. Siku nauza ile Carina, jamaa aliyekuja kuinunua alikaa kiti cha dereva akalisoma daftari kama gazeti la Jumapili, ukurasa kwa ukurasa. Akafika kwenye ile mistari ya odo akanyoosha kidole, akaniuliza, nikamwambia ilivyokuwa, Jangwani na kila kitu. Akanishusha laki mbili kwa ajili ya maji ya Jangwani, lakini hela iliyobaki akanihesabia pale pale juu ya boneti na fundi wake hakumwita.